Stata inazungusha, gari haishiki: usiitaje pampu kwanza

Swali: "Shikamoo fundi. Naendesha Land Cruiser hardtop yenye injini ya 1HZ, napakia abiria na dagaa kati ya Kigoma mjini na Kalya. Juzi nilivuka Malagarasi pale Ilagala, na kwa kuwa tangi lilikuwa linaelekea kuisha nikaongeza dizeli ya madumu njiani. Kilima cha kwanza baada ya hapo gari ikaanza kugugumia na kukosa nguvu. Nikalala Sigunga. Asubuhi iliwaka kama sekunde tano, ikazima. Tangu hapo stata inazungusha vizuri tu, ila haishiki, na ekzosi haitoi moshi hata chembe. Fundi wa hapa anasema pampu imekufa, nimwambie mwenye gari atafute ya mtumba. Nakuomba ushauri kabla sijapiga simu."

Marahaba, mdogo wangu. Pole na safari. Simu kwa mwenye gari ipige, asije akasikia kwa abiria, lakini neno pampu usilitaje. Mwambie umekwama Sigunga, unakagua njia ya mafuta, na jioni utampa jibu.

Maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Yamenishika mambo matatu: iligugumia mlimani baada ya kuongeza dizeli ya madumu, asubuhi iliwaka sekunde tano tu, na sasa ekzosi haina moshi. Ukiyaunganisha yanasema kitu kimoja. Asubuhi ile injini iliunguza dizeli iliyokuwa imebaki ndani ya pampu na kwenye mabomba yake, ikaisha, na nyuma yake hakikuja kitu. Injini yako ina njaa. Pampu mbovu nayo inaweza kuilaza gari njaa, sikatai, lakini kati ya tangi na pampu kuna vitu vingi vya bei ndogo vinavyoleta hali hiyohiyo. Vyote hivyo unaweza kuvikagua hapohapo ulipo, ukiwa na spana zako, kitambaa safi na chupa tupu ya maji ya kunywa.

Kwanza tuelewane kuhusu moshi, maana ndiyo shahidi wako mkubwa. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Pistoni inaigandamiza hewa mpaka inapata joto linalopita nyuzi 500, nozeli inanyunyiza dizeli ndani ya joto hilo, na dizeli inajiwakia yenyewe. Hiyo 1HZ ya lita 4.2 inaigandamiza hewa zaidi ya mara 22, ndiyo sababu inataka betri yenye nguvu na stata isiyosinzia. Sasa, ukipiga stata na ekzosi ikatoa moshi mweupe unaochoma macho, jua dizeli inafika silindani ila haiungui, na hapo unatafuta ugonjwa wa joto au mgandamizo. Ukiona moshi mweusi mzito, dizeli ipo lakini hewa haitoshi, fungua filta ya hewa uangalie. Usipoona moshi kabisa, kama wewe, dizeli haifiki kwenye nozeli. Kwa hiyo mambo ya joto na mgandamizo yaweke pembeni kwa leo.

Acha pia kupiga stata mfululizo. Sekunde kumi zinatosha, kisha ipumzishe dakika moja au mbili ipoe. Betri ukishaimaliza utakuwa na magonjwa mawili badala ya moja, na huko mwambao kupata betri ya kuazima yenye nguvu ya kuzungusha silinda sita ni kazi. Kama una mita, iangalie wakati mwenzako anapiga stata: kwa gari ya volti 12 isishuke chini ya 9.6 hivi. Baadhi ya hardtop zilizotoka Japani zina betri mbili zilizofungwa kwa volti 24, hivyo angalia yako ni ipi kabla ya kushika waya wowote. Na kama ungeniambia kwamba stata inazunguka kidogo halafu inagota baada ya kupita kwenye maji mengi, ningekukataza hata kugusa swichi, kwa sababu maji yaliyoingia silindani hupinda mikono ya pistoni. Wewe unasema inazungusha vizuri, basi hilo haliko.

Sasa anza na vitu viwili vya nusu dakika.

Hardtop ndefu nyingi zina matangi mawili ya lita 90 kila moja, na swichi ya kubadilishia kwenye dashibodi. Nimeshaona dereva mzoefu kabisa akiguswa swichi hiyo na goti la abiria, gari ikahamia tangi tupu na kuanza kuvuta upepo. Angalia swichi iko wapi na tangi gani lina mafuta.

Pili ni koili ya kukata dizeli. Iko nyuma ya pampu, karibu na yanapotokea yale mabomba sita ya kwenda kwenye nozeli, na ina waya mmoja. Mtu awashe swichi bila kupiga stata, wewe weka sikio au kidole hapo: lazima isikike "tak". Isiposikika, pima ule waya kwa taa ya tesita. Ukiwa hauna moto, tatizo lako ni umeme na dizeli haihusiki. Angalia fyuzi, kisha fuatilia kama kuna mtu aliwahi kufunga alamu au kifaa cha kufuatilia gari, maana wengi wanaofunga vifaa hivyo hukata waya huohuo na kuupitisha kwenye rilei yao, wanaufunga kwa selotepu chini ya dashibodi, na barabara ya mawe inamalizia kazi. Kwa dharura unaweza kuvuta waya kutoka chanya ya betri moja kwa moja mpaka kwenye koili. Ikiwaka, kumbuka ufunguo hautaizima, utaizima kwa kuuchomoa huo waya. Ufunge vizuri usiguse bodi.

Koili yako ikilia, rudi kwenye dizeli yenyewe, na hapa ndipo nataka tukae.

Kwenye injini hii hakuna pampu tangini inayosukuma mafuta mbele. Pampu kubwa iliyo mbele ndiyo inayoyavuta, kutoka tangini, chini ya bodi, kupitia filta, mpaka kwake. Maana yake ni kwamba mpira ukipasuka njiani, hautavuja. Utavuta upepo. Unaweza kulala chini ya gari saa nzima ukitafuta tone la dizeli usilione, na huku tundu lipo, linanyonya hewa kila injini inapozunguka. Madereva wengi hukosea hapo: hakuna palipolowa, basi wanasema njia ni nzima, na lawama inahamia kwenye pampu.

Hili limenigharimu na mimi. Zamani, nikiwa bado mgeni na injini hizi, ililetwa gari hapa Mwandiga kutoka juu Manyovu, ina dalili zako zilezile. Tuliishusha pampu, ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa, ikarudi, tukaifunga, haikuwaka. Mwenye gari alikuwa anategemea gari hiyo kwa msimu wa kahawa, na siku zake zilikuwa zimekwisha kupotea. Mwishowe nilikuta kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kidole, kile kinachounga bomba la chuma na filta. Ukikitazama kimenyooka, kizima. Ukikikunja, kinafungua mdomo. Tangu siku hiyo sigusi pampu ya mtu kabla sijakunja kila mpira kwa mkono wangu.

Kwa hiyo fanya hivi. Juu ya filta ya dizeli kuna kipampu cha mkono. Kibonyeze mara nyingi. Njia ikiwa nzima na mafuta yapo, baada ya muda kinakuwa kigumu chini ya kiganja. Kikibaki laini, kinabonyea kama puto, aidha unavuta upepo au dizeli haitoki tangini. Kikiwa kigumu na kigumu kinabaki hata baada ya kupumzika, upande huo una nafuu. Angalia pia kipampu chenyewe, mpira wake wa ndani hukatika na kuwa mlango wa upepo. Ukikuta pembeni yake pamelowa dizeli, mshukiwa ndiye huyo.

Kabla hujaendelea kubonyeza, fungua kizibo cha chini ya filta, kile chenye waya wa taa ya maji, na kinga kinachotoka kwenye ile chupa yako ya plastiki. Jaza nusu. Iache itulie dakika ishirini kivulini, usiitikise. Maji yatashuka chini na utaona mstari kati yake na dizeli, kama ulivyo mstari wa mafuta kwenye mchuzi. Ukiyaona, usiwashe gari kwa dizeli hiyo hata kama inakubali kuwaka. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, haina mafuta mengine ya kuilinda. Maji yanaitia kutu, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaikausha. Pampu unayoambiwa imekufa leo huenda ni nzima, na ukalazimisha ikafa kweli kesho.

Na kuna jambo la kwetu Kigoma ambalo fundi wa Dar hawezi kulifikiria. Dumu la lita 20 huku lina maisha marefu: wiki hii limebeba mawese, wiki ijayo maji, ya tatu dizeli. Mawese mchana kwenye joto la ziwa yanayeyuka na kupita na dizeli bila shida. Usiku yanapoa, yanaganda, na yanagandia ndani ya filta. Gari inakuambia imelala nzima, asubuhi inawaka kwa mafuta yaliyo mbele ya filta, inazima. Sekunde tano zako. Nilishawahi kuigeuza filta ya gari ya namna hiyo juu ya beseni, dizeli haikumiminika, ilidondoka taratibu na nyuma yake kikashuka kitu cha rangi ya chungwa, kizito, kinachoteleza kati ya vidole kama samli. Kwa hiyo ukishamaliza kukinga chupa, fungua filta yote, imimine, inuse, ishike. Dizeli safi haina utelezi huo na haigandi kwenye ukucha.

Kama una filta mpya, funga mpya baada ya kuijaza dizeli safi. Kama huna, imwage ya zamani, isuuze kwa dizeli safi kwa kuimimina itoke, ijaze, irudishe, ila iwe ni ya kukufikisha mjini tu. Kuna watakaokushauri uunge mabomba bila filta. Usikubali. Mchanga mmoja ukiingia kwenye pampu hiyo, ndipo utakapomwambia mwenye gari habari mbaya ya kweli.

Jaribio la kumaliza ubishi ni la kidumu. Tafuta lita tano za dizeli unayoiamini, ichuje kwa kitambaa kizito. Nenda duka la vifaa vya ujenzi au kwa mafundi waashi, omba kipande cha ule mpira mwangavu wanaopimia levo, mita moja na nusu hivi. Chomoa mpira unaotoka kwenye filta kuingia kwenye pampu, na mahali pake weka huo mwangavu, ncha ya pili ikae chini kabisa ndani ya kidumu. Kidumu kikae juu kuliko pampu, mbali na ekzosi, kimefungwa kwa kamba kisipinduke. Usivute kwa mdomo mpaka dizeli ikuingie tumboni. Mwenzako akipuliza kidogo kwenye mdomo wa kidumu, itapanda. Mpira ukijaa mpaka kwenye pampu, piga stata sekunde kumi, pumzisha, piga tena. Huenda ikahitaji mara tatu au nne mpaka pampu ijae.

Ikiwaka na kuendelea kunguruma kwa kidumu, jibu unalo: pampu yako ni nzima, na ugonjwa uko kati ya tangi na filta. Hamisha mpira mwangavu uwe kati ya filta na pampu, rudisha njia ya kawaida, washa, na utazame. Vipovu vikipita mfululizo, kuna tundu nyuma yake. Ukiona mpira unatulia, hauna vipovu lakini dizeli haisogei, kuna kitu kimeziba: filta, au wavu wa mdomo wa kunyonyea ndani ya tangi, au mpira umenywea kwa ndani. Ukikuta tundu, kata sehemu mbovu, funga upya kwa klipu mbili. Kazi ya nusu saa.

Ukitoa upepo kwenye pampu, angalizo moja ambalo limewatoa jasho mafundi wengi. Kuna bolti mbili zenye tundu, ya kuingiza mafuta na ya kurudisha. Ya kurudisha imeandikwa OUT kichwani na ndani ina kitobo chembamba sana. Zinafanana kwa nje. Ukizibadilishana, gari haitawaka na utaanza kutafuta ugonjwa ambao umeuleta mwenyewe.

Tuseme umefanya yote hayo, dizeli safi inafika kwenye pampu bila kipovu, koili inalia, na bado ekzosi haina moshi. Legeza kwa spana ya 17 nati za mabomba kwenye nozeli mbili au tatu, nusu mzunguko tu, mtu apige stata. Dizeli inatakiwa itoke kwa mapigo, tupu na tele kwa zamu. Weka kitambaa kwa mbali, vidole na macho yakae kando kabisa. Dizeli ya kwenye bomba hilo inapita kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba, inapenya ngozi kama sindano, na kidonda chake kwa nje huonekana kidogo huku ndani nyama inaharibika. Ikimpiga mtu ni hospitali saa hiyohiyo, si kesho. Isipotoka kitu kwenye nati zote, hapo sasa neno pampu linaruhusiwa. Hata hivyo, ishushwe ipimwe kwenye benchi ya pampu kwanza. Ya mtumba nayo hujui ilikotoka ilikunywa nini.

Hayo ya kulegeza nati ni kwa injini hizi za zamani tu. Ukija kuendesha gari mpya zenye nozeli za umeme, kama Hilux za D-4D, usiguse nati hizo kamwe. Mkandamizo wake unapita bar 1,000, na uchunguzi wake unaanzia kwenye kompyuta.

Moshi mweupe ukitokea katikati ya kazi yako, furahi, dizeli imefika. Hapo Sigunga kuna joto, huenda ikashika yenyewe. Mwenzako wa milimani Manyovu au Heru Juu asubuhi ya baridi ya Julai hana bahati hiyo, yeye atahitaji hita zote sita, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, ziwe nzima. Kuzipima ni rahisi: toa ukanda wa bati unaoziunganisha, klipu ya tesita iwe kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila hita. Ile isiyowasha taa imekatika. Na mkanda wa taimingi, ambao kwenye injini hii unabadilishwa kila kilomita 100,000, ukikatika utausikia: stata inazunguka haraka na laini, bila yale mapigo ya kuhema. Hujaniambia hivyo, kwa hiyo siendi huko.

Jambo la mwisho, na hili nalikataza kwa nguvu: mtu asije na kopo la etha au kitambaa cha petroli kwenye mdomo wa hewa. Hita zikiwa za moto, inalipukia ndani ya bomba. Isipolipuka huko, inagonga pistoni kabla ya wakati wake na kuvunja ringi. Nimefungua injini mbili zilizouawa hivyo, na zote zilikuwa na tatizo la filta tu.

Ikishika, iache ingurume dakika kumi na tano hapohapo kijijini, ukitazama mpira mwangavu, kabla hujapakia mtu. Tangi lako lifunguliwe kizibo cha chini asubuhi kabla gari haijasogea, kinga lita tano za kwanza, ndizo zenye uchafu. Ukifika mjini litolewe lote lioshwe. Nitumie picha ya ile chupa ikishatulia, nitakuambia ninachokiona. Na kabla hujaondoka, mrudie aliyekuuzia ile dizeli, muulize kwa upole madumu yale yalibeba nini, na ni nani wengine walinunua siku hiyo, maana wenzako hao sasa hivi wako barabarani na hawajui.